Maswali Yenu: Miti Inavyoishi Juu ya Ardhi Iliyoganda

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mstari mmoja tu kwamba huko Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada kuna misitu mikubwa inayosimama juu ya udongo ulioganda mwaka mzima. Barua zilizofuata ni nyingi, kutoka Kisumu hadi Molo. Tumezichagua zile zinazouliza jambo la msingi, na pale ambapo jibu linamfaa mkulima wa hapa kwetu hatukulifupisha.

Miti tunayoizungumzia ni ya koni, yaani ile ambayo mbegu zake hukaa ndani ya koni badala ya tunda. Msonobari, saipresi na mtarakwa ni wa ukoo huo. Kule kaskazini wenyeji wakuu ni sprusi na lachi.

Kama chini ni barafu, mizizi ya miti hiyo huenda wapi? Wanafunzi wangu waliniuliza nikashindwa kuwaridhisha. (Mwalimu wa Jiografia, Kisumu)

Huenda pembeni, Mwalimu.

Ardhi hiyo huitwa permafrosti: ni udongo, changarawe au mwamba ambao joto lake halizidi nyuzi 0 za Selsiasi kwa miaka 2 mfululizo au zaidi. Mjini Yakutsk, mashariki mwa Siberia, mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mwaka 1828 akitafuta maji. Kazi iliposimama mwaka 1837, shimo lilikuwa limepita mita 116 na bado lilikuwa ndani ya udongo ulioganda. Na bado mji huohuo umezungukwa na msitu wa lachi.

Kinachowezesha hilo ni tabaka la juu. Kila majira ya joto tabaka hilo huyeyuka, kisha huganda tena baridi ikirudi. Penye unyevu na kuvumwani nene (ile mimea midogo laini inayofunika ardhi kama zulia) linaweza kuyeyuka sentimita 30 tu. Penye mchanga na jua, mita 1.5 hivi. Mti wote unaishi kwa tabaka hilo. Sprusi nyeusi ya Alaska na Kanada huweka sehemu kubwa ya mizizi yake katika sentimita 20 za kwanza. Mche ukiwa mdogo, mzizi mkuu hujaribu kushuka. Ncha yake ikifika kwenye baridi hufa, na mizizi ya pembeni ndiyo huendelea, ikitambaa mita kadhaa hata kwa mti mfupi.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule haviligusi. Kuvumwani hunenepa mwaka hadi mwaka. Kadiri inavyonenepa, joto la jua halifiki chini, na mpaka wa barafu hupanda juu. Mizizi ya zamani hujikuta imezikwa ndani ya barafu, ikafa. Mti hujibu kwa kutoa mizizi mipya kwenye shina, juu ya ile ya kwanza. Ukifukua sprusi nyeusi ya miaka mingi utakuta mizizi mikavu chini, na mizizi hai juu yake, karibu kabisa na kuvumwani.

Waambie wanafunzi wako pia kuhusu mvua, kwa sababu hapo ndipo penye mshangao wa kweli. Yakutsk hupata kama milimita 240 kwa mwaka, mvua na theluji pamoja. Kisumu hupata zaidi ya mara 5 ya hiyo. Kwa kiasi cha Yakutsk ungetarajia vichaka vya Turkana, si msitu. Msitu upo kwa sababu barafu huzuia maji yasizame. Theluji ikiyeyuka, maji hubaki palepale mizizi ilipo, na mvua ikikosekana mwezi wa saba barafu huendelea kuyeyuka polepole na kuunywesha mti kutoka chini. Msitu nao huikinga barafu dhidi ya jua kwa kivuli chake, kuvumwani yake na majani yaliyodondoka. Ukiondoa kimoja, cha pili hakidumu. Tutalirudia jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote.

Gharama yake ni udongo baridi na maskini. Karibu na mpaka wa barafu joto la udongo ni nyuzi chache tu juu ya sifuri hata katikati ya majira ya joto. Majani huoza taratibu mno, naitrojeni hubaki imefungwa ndani ya mabaki, na mti hutegemea kuvu walioungana na mizizi yake ili kuipata. Ndiyo maana miti ya huko husimama mbalimbali. Nafasi unayoiona kati ya shina na shina imejaa mizizi inayogombania chakula.

Nikiweka chupa ya soda kwenye friza inapasuka. Mbona mti wenye maji ndani haupasuki kwa nyuzi 60 chini ya sifuri? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega)

Chupa hupasuka kwa sababu maji huganda yakiwa yamefungiwa ndani yake na hayana pa kwenda. Seli ya mti wa kaskazini huyatoa maji nje kabla hayajaganda, na huanza maandalizi miezi kadhaa mapema.

Hatua ya kwanza huanza mwezi wa nane, wakati bado kuna joto. Mti hupima urefu wa usiku. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, ncha za matawi huacha kurefuka na kujifunga ndani ya chipukizi lenye magamba. Hatua ya pili huletwa na baridi ya kwanza ya kuganda, ile ya nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Seli hujaza sukari na protini za kinga, na utando unaozizunguka hubadilika ili ubaki laini kwenye baridi. Hatua ya tatu huja na baridi kali isiyokatika.

Barafu inapoanza, huanza katika nafasi zilizo kati ya seli. Barafu hiyo huyavuta maji kutoka ndani ya seli, tone kwa tone. Seli husinyaa. Kinachobaki ndani ni mchanganyiko wa sukari na protini mzito kiasi kwamba hauwezi tena kuunda chembe za barafu. Seli imekauka, lakini ni hai. Watafiti wamechukua vijiti vya miti ya aina hii wakati wa majira ya baridi, wakavipoza polepole hatua kwa hatua, kisha wakavitumbukiza kwenye naitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Vilipotolewa na kuyeyushwa, vilikuwa hai.

Miti mingi ya majani mapana, kama mwaloni, hutumia njia nyingine kwenye seli za mbao zake: huyaacha maji ndani yakiwa baridi sana bila kuganda. Njia hiyo hufika mwisho kwenye nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, kwa kuwa hapo maji huganda yenyewe hata yakiwa safi kabisa. Siberia hupita hapo kila mwaka. Mji wa Verkhoyansk huko Siberia umewahi kurekodi karibu nyuzi 68 chini ya sifuri, na mwezi wa sita mwaka 2020 ukafika nyuzi 38 za joto. Mti mmoja unatakiwa uvumilie zote mbili.

Tatizo la pili ni mapovu. Maji yakiganda ndani ya mishipa ya shina, hewa iliyokuwa imeyeyuka humo hutoka kama mapovu, na barafu ikiyeyuka mapovu makubwa huukata mkondo wa maji. Mishipa ya miti ya koni ni myembamba, mara nyingi kati ya milimita 0.01 na 0.04. Mapovu yanayotokea humo ni madogo na huyeyuka tena ndani ya maji. Mshipa mwembamba kiasi hicho hupitisha maji kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mti kukua polepole.

Lakini ustahimilivu huu wote ni wa msimu. Tawi lilelile linalovumilia nyuzi 60 chini ya sifuri mwezi wa kwanza linaweza kuungua kwa nyuzi 5 chini ya sifuri mwezi wa sita, likiwa na majani mapya. Kinachoua ni baridi inayokuja mti ukiwa haujajiandaa. Mkulima wa Molo aliyetuandikia hapa chini asome sentensi hiyo mara mbili.

Nimesoma kwamba lachi hupukutisha majani ingawa ni ndugu wa msonobari. Si ingekuwa rahisi kubaki nayo? (Msomaji, Kericho)

Inategemea ardhi ilivyo. Majani ya sprusi na msonobari yana nta nene, na vitundu vya kupumulia vimezama ndani, hivyo hupoteza maji kidogo. Hata hivyo mwezi wa tatu na wa nne jua la kaskazini huwa kali, theluji hulirudisha juu, na majani hupata joto wakati mizizi ingali imefungwa ndani ya barafu. Jani likipoteza hata tone, hakuna la kulijaza. Matawi yenye majani mekundu upande wa jua mwishoni mwa majira ya baridi yamekauka kwa kiu, ingawa mwenye kuyaona hudhani ni baridi iliyoyachoma.

Lachi hukwepa kiu hiyo kwa kutokuwa na jani kabisa. Mwezi wa tisa hurudisha naitrojeni nyingi kutoka kwenye majani hadi kwenye matawi, majani hugeuka manjano na kudondoka. Mwezi wa sita hutoa mapya, laini na membamba, yanayofanya kazi kwa kasi katika siku zisizo na usiku. Kwa hiyo mahali ambapo permafrosti haina mapengo na majira ya baridi ni ya kikatili zaidi, yaani Siberia ya mashariki, lachi ndiyo inayotawala. Larix gmelinii imefika Ary-Mas kwenye rasi ya Taymyr, nyuzi 72 na nusu kaskazini, ambako upo mmoja wa misitu ya kaskazini kabisa duniani.

Kuna pia msonobari mfupi wa Siberia, Pinus pumila, wenye njia yake. Baridi inapoanza, matawi yake hulala chini yenyewe, theluji huyafunika, na chini ya theluji kuna joto zaidi na upepo haufiki. Majira ya joto yakikaribia huinuka tena.

Mbegu humea wapi kama ardhi yote ina kuvumwani? (Msomaji, Bungoma)

Mara nyingi baada ya moto. Koni za sprusi nyeusi hukusanyika karibu na kilele zikiwa zimefungwa kwa utomvu, na baadhi hukaa hivyo miaka kadhaa. Moto ukipita utomvu huyeyuka, koni hufunguka, na mbegu hudondoka juu ya udongo ambao kuvumwani yake imeungua. Pasipo na moto, matawi ya chini yanayogusa ardhi hufunikwa na kuvumwani, hutoa mizizi, na hatimaye huwa miti inayojitegemea. Duara la miti midogo kuzunguka mmoja mkubwa kwa kawaida ni mti uleule.

Mimi ni fundi seremala hapa Nakuru. Nasikia mbao za nchi za baridi ni imara kuliko saipresi yetu kwa sababu zimekua polepole. Ni kweli? (Fundi, Nakuru)

Ni nusu ya ukweli, fundi. Mbao za lachi ya Siberia ni nzito kwa mti wa koni: zikikauka, mita moja ya ujazo huwa karibu kilo 600, wakati saipresi ya mashamba ya hapa ni karibu kilo 450. Tena zina utomvu mwingi unaozuia kuoza. Lakini uzito huo ni tabia ya lachi yenyewe. Mti wa koni ukikua polepole kupita kiasi hutoa pete (yale maduara ya ukuaji wa kila mwaka) nyembamba mno zenye sehemu ndogo tu ya ule ukanda mgumu wa mwisho wa msimu, na mbao hudhoofika. Juu ya permafrosti mbaya sprusi nyeusi ya miaka 100 inaweza kuwa nene kama kifundo cha mkono. Lachi kadhaa za Yakutia, jimbo la Siberia ulipo mji wa Yakutsk, zimehesabiwa pete zaidi ya 800. Saipresi yetu hukatwa kwa mbao ikiwa na miaka 30 hivi, na haina pete za kuaminika kwa sababu haina majira ya baridi ya kuisimamisha.

Lipo jambo moja la misitu ile litakalokusaidia karakanani. Barafu ya chini ikiyeyuka vibaya ardhi hubonyea, na miti huinama huku na huku. Mti wa koni ulioinama hujinyoosha kwa kutengeneza mbao za aina nyingine upande wa chini: nyekundu, ngumu, zenye pete pana. Watafiti hutumia pete hizo kujua mwaka ambao ardhi ilianza kubonyea. Saipresi iliyokua kwenye mteremko au iliyosukumwa na upepo hufanya vilevile.

Tazama kisiki au kichwa cha gogo. Kiini kikiwa pembeni badala ya katikati, na upande mpana ukiwa na ukanda mwekundu, hapo ndipo penye shida. Mbao za kawaida hazipungui urefu zikikauka, au hupungua kidogo sana, chini ya asilimia 0.2. Ukanda ule unaweza kupungua asilimia 1 au zaidi. Ubao wenye upande mmoja wa kawaida na upande wa pili mwekundu utapinda kama upinde ukikauka, na hakuna misumari itakayouzuia. Usiuweke kwenye kenchi wala kwenye fremu ya mlango. Ukate vipande vifupi visivyozidi nusu mita, utumie kwa vigingi au kuni.

Juu ya Mlima Elgon usiku maji huganda. Kwa nini basi hakuna misonobari kule, na je, kuna permafrosti? (Msomaji, Kapsokwony)

Permafrosti hapana, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Kisumu iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na wastani wake wa mwaka ni nyuzi 23. Joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Kilele cha Elgon ni mita 4,321. Tofauti ni mita 3,180, sawa na nyuzi 19. Kinabaki kama nyuzi 4 juu ya sifuri. Usiku udongo huganda juujuu. Saa nne asubuhi umeshayeyuka.

Miti ya koni ya asili ipo Elgon: mtarakwa na podo hupanda hadi kwenye mita 3,000 hivi. Juu zaidi huja miti ya erika, kisha nyasi na zile dendrosenesio kubwa zenye kichwa cha majani. Ugumu wa kule ni kwamba mchana ni wa kukua na usiku ni wa kuganda, siku 365. Kama tulivyomwambia mwanafunzi wa Kakamega, mti wa kaskazini hupata ustahimilivu wake kwa kusimamisha ukuaji kwa miezi. Elgon haitoi ruhusa ya kusimama. Dendrosenesio imetatua hilo kwa kukunja majani kulizunguka chipukizi kila jioni na kubaki na majani makavu yanayolivisha shina.

Shamba langu liko Molo. Kila Januari sakitu huchoma miche ya saipresi. Naweza kuagiza mbegu za hiyo lachi au sprusi, maana inavumilia baridi kuliko zote? (Mkulima, Molo)

Tunakuomba usitumie fedha zako huko, mzee wetu. Tukueleze sababu, kisha tushughulikie sakitu yenyewe, yaani ile baridi ya usiku inayogandisha umande.

Miche ya kaskazini huongozwa na urefu wa mchana. Asili nyingi za huko huhitaji mchana wa saa 18 au zaidi ili ziendelee kurefuka. Molo mchana ni saa 12 mwaka mzima. Mche utaota, utatoa majani machache, utaona usiku mrefu, utaamini majira ya baridi yamefika, na utafunga chipukizi ukiwa na urefu wa kidole. Ili ulifungue tena, unahitaji wiki 6 hadi 10 za baridi isiyokatika ya kati ya nyuzi 0 na 5. Molo usiku ni baridi lakini mchana jua hupandisha joto na kuivuruga hesabu hiyo. Utabaki na mche hai usiokua, hadi kuvu ya kitalu iumalize.

Baki na saipresi, au mtarakwa ukiwa na subira, kwa kuwa wa kwetu huu umezoea nyanda za juu ila hukua taratibu. Podo nao ni mzuri, lakini ukiwa mchanga unataka kivuli. Kinachohitaji kubadilika ni namna ya kuandaa mche na mahali pa kuupanda.

Anza kitaluni. Wiki 6 kabla ya kupanda, acha kabisa mbolea ya CAN, kwa sababu ukuaji laini ndio unaoungua kwanza. Punguza kivuli kidogo kidogo hadi kiishe ndani ya wiki 2. Punguza maji kutoka kila siku hadi kila siku ya pili, kisha kila siku ya tatu, bila kuacha mche unyauke. Kata mizizi inayotoka chini ya mifuko kila wiki 2 au 3. Mche uliozoeshwa huwa na shina gumu lenye rangi ya kahawia angalau nusu yake, na urefu wa sentimita 20 hadi 30. Mche mrefu wa kijani kitupu unapendeza machoni lakini haufai kwa Molo.

Panda mwanzo wa mvua za masika, ili ifikapo Desemba uwe na miezi 8 ya mizizi. Shimo la sentimita 30 kwa 30 kwa 30 linatosha. Mfuko utolewe wote, na mzizi uliojikunja chini ukatwe. Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 hukupa miti 1,600 kwa hekta, au kama 640 kwa ekari.

Sasa mahali. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa baridi huwa nzito na hutiririka kuelekea bondeni. Pale inapokwama ndipo sakitu inapokaa. Mteremko ni salama kuliko bonde, na ua mnene uliokatisha mteremko upande wa chini wa shamba huikusanya baridi yote ndani. Kama una ua wa namna hiyo, fungua pengo la mita 3 au 4 mahali pa chini kabisa.

Halafu matandazo. Hapa wakulima wengi hushangaa. Nyasi ulizotandaza kuzuia unyevu usipotee huzuia pia joto la udongo lisipande usiku, sawasawa na kuvumwani ya Siberia inavyozuia joto lisishuke. Juu ya nyasi kavu hewa hupoa zaidi kuliko juu ya udongo mtupu. Kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Februari vuta matandazo nusu mita kutoka kwenye shina pande zote, palilia nyasi, acha udongo wazi, na umwagilie mchana ukiona dalili za usiku mkavu usio na mawingu. Udongo wenye maji huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Usichimbue wakati huo, maana udongo uliotifuliwa hewa yake huzuia joto vilevile. Simamisha kikinga cha nyasi au majani upande wa mashariki wa kila mche. Jua la asubuhi likipiga jani lililoganda huliharibu zaidi. Msimu ukipita, rudisha matandazo.

Mwisho, hakikisha ni sakitu kweli. Sakitu huunguza ncha nyingi kwa usiku mmoja, hasa sehemu ya chini ya shamba. Ukiona kahawia inaanza ndani ya mti karibu na shina na kutoka nje polepole, matawi yananata, na kuna masizi meusi, huyo ni chawa wa saipresi aliyeingia Kenya mwaka 1990, na matandazo hayamhusu. Zungumza na afisa wa misitu.

Wakikata misitu hiyo ya mbali, inatuhusu nini sisi wa Nakuru? (Msomaji, Nakuru)

Inawahusu kupitia hewa. Udongo wa maeneo ya permafrosti una takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, karibu mara mbili ya ile iliyo angani. Imekaa humo kwa sababu ni baridi na haiozi. Barafu ikiyeyuka, vijidudu huanza kazi na gesi hutoka.

Na haihitaji eneo kubwa kukatwa ili uharibifu uanze. Karibu na Batagay, katika Yakutia, kipande cha msitu kiliondolewa miaka ya 1960. Jua lilifika kwenye ardhi yenye barafu nyingi, barafu ikayeyuka, ardhi ikaporomoka. Pengo lililoanza hapo leo lina upana wa karibu kilomita 1, na bado linakua kila majira ya joto kwa sababu ukuta wake uko wazi kwa jua na hakuna mti unaoweza kusimama juu yake.

Kuna jaribio lolote ninaloweza kufanya darasani bila vifaa vya gharama? (Mwalimu wa Jiografia, Kisumu, katika barua yake ya pili)

Lipo, Mwalimu, na linahitaji friza tu. Chukua ndoo pana ya plastiki, ijaze udongo wa shambani hadi sentimita 12, ulowanishe hadi ukishika mkononi ushikamane bila kuchuruzika. Weka kwenye friza siku 2. Siku moja huwa haitoshi, katikati hubaki laini. Itoe asubuhi, ifunge gunia kavu pande zote. Funika nusu ya uso kwa nyasi kavu za unene wa sentimita 5, nusu nyingine iache wazi, kisha iweke juani.

Kila baada ya dakika 30, sukuma spoku ya baiskeli wima kwenye kila upande hadi igome, weka kidole penye uso wa udongo, na upime kwa rula. Ndivyo watafiti wanavyopima tabaka linaloyeyuka Siberia, ila wao hutumia fimbo ya chuma ndefu. Chukua vipimo 3 kwa kila upande na mpate wastani, kwa sababu jiwe likikutana na spoku litawadanganya. Wanafunzi wachore mistari miwili kwenye grafu moja, upande wa wazi na upande wa nyasi.

Makosa ya kawaida ni mawili. Sufuria au karai ya chuma hupitisha joto kutoka pembeni na kuharibu tofauti yote. Na nyasi mbichi zilizolowa hupitisha joto kuliko kavu, hivyo pande mbili zitakaribiana. Kama mna muda, fanyeni ndoo ya pili yenye nyasi mbichi, ili waone kwa nini kuvumwani iliyokauka mwezi wa saba huilinda barafu kuliko ile iliyolowa kwa mvua.